Ulinzi wa mtaa usiachiwe filimbi na hasira

Mahindi yakishakauka na malori yakaanza kupanga foleni kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), Ufipa yetu ya mkoani Rukwa hupata fedha yake ya mwaka. Ndiyo miezi ya kununua mabati, kulipa ada na kutoa mahari. Ndiyo pia miezi ambayo mkulima hulala na noti chini ya godoro kwa kuwa benki iko mbali, vilabu vya pombe hujaa jua likiwa bado juu, na vibaka nao huingia msimuni. Tunapiga yowe sasa, kabla ya mavuno na kabla vikao vya bajeti havijafungwa, kwa sababu kila mwaka mambo huenda vilevile. Nyumba ikivunjwa, lawama huwaendea polisi. Polisi huwaomba wananchi watoe ushirikiano. Wananchi hupuliza filimbi na kushika marungu. Halmashauri, yenye mamlaka juu ya karibu kila kitu kinachoufanya mtaa uwe salama au usiwe, hukaa pembeni kama jirani asiyehusika na msiba.

Halmashauri inahusika, na Katiba imesema hivyo waziwazi. Ibara ya 146 ya Katiba ya mwaka 1977 inataja kazi za serikali za mitaa, na mojawapo ni kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Haikusema kuwasaidia polisi pale inapowezekana. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, ile ya wilaya na ile ya miji, nazo zimeweka amani na utulivu katika majukumu ya msingi ya halmashauri, pamoja na huduma za jamii na uchumi. Diwani anayesema usalama ni suala la mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) peke yake hajasoma kazi aliyoiomba.

Tuanze na hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 1,004,539 mkoani Rukwa. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta 1,540,519. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu katika miaka kumi, na Manispaa ya Sumbawanga yenyewe sasa ina zaidi ya watu laki tatu. Lami ya kutoka Tunduma imeleta wafanyabiashara, mafundi, madereva na vijana wanaotafuta riziki kutoka Mbeya, Songwe na kwingineko. Wafugaji wameshuka bonde la Ziwa Rukwa, chini ya safu ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Mashamba ya pembezoni mwa mji yamekatwa viwanja, na mitaa imezaliwa upya yenye wapangaji ambao mwenye nyumba hajui hata jina lao la pili. Hatulalamikii wageni, mji usiopokea wageni hufa. Tunachosema ni kwamba utaratibu wa kulindana tuliourithi, wa balozi na nyumba zake kumi tangu enzi za TANU, ulijengwa juu ya jambo moja: balozi alimjua kila anayelala katika nyumba hizo. Katika mitaa mingi leo hamjui, na hakuna aliyekaa akaamua nani atamjua badala yake. Kenya waliiga utaratibu huu wa Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate jijini Nairobi, nao wakagundua mapema kwamba jina linaweza kuazimwa kwa jirani, lakini kuaminiana hakuazimwi.

Wapo watakaotuambia kwamba Ufipa ni nchi ya watu wapole, na kwamba haya ni mambo ya mijini. Ni kweli sifa hiyo ni ya zamani. Joseph Thomson, msafiri aliyepita hapa mwaka 1880, alikuta wakulima wenye amani akashangaa. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kuhusu utulivu huo kama fumbo linalodai maelezo, kwa sababu karne moja kabla yake tawala mbili za Ufipa, Nkansi na Lyangalile, zilikuwa zimepigana, na Wangoni walikuwa wameshapita na mikuki yao. Maana yake ni kwamba amani haikuwa tabia ya kuzaliwa. Watu waliitengeneza baada ya vita, katika vijiji vilivyompokea mgeni kwa utaratibu, vikalima kwa kusaidiana na kumpa kiongozi heshima kadiri alivyoamua kwa haki. Kilichotengenezwa na watu kinaweza kubomoka watu wakiacha kukitunza.

Na ni Willis huyohuyo aliyeandika pia kuhusu Kamchape. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, katika vijiji hivyohivyo vya watu wapole, waliingia watafutaji wachawi wakitokea upande wa kusini. Wakaalikwa, wakalipwa, wakawapanga watu kwenye mistari, wakawachanja na kuwatangaza wenye hatia. Vijana waliwashangilia, wazee wengi waliaibishwa. Leo tunawaita lambalamba. Bado wanaingia vijijini Rukwa na Katavi, bado hukusanyiwa michango kaya kwa kaya, na anayekataa kuchanga hujikuta mtuhumiwa wa kwanza.

Tunalitaja jambo hili katika tahariri ya wizi na fujo kwa makusudi. Lambalamba ni ulinzi shirikishi uliokosa sheria. Tazama vipande vyake: jamii ina hofu, inakutana, inachangishana, inamwajiri mtu wa kuisafisha, inakubaliana nani ni adui, inamwadhibu hadharani. Kila kitu kipo isipokuwa ushahidi, haki ya kujitetea, na mtu wa kuulizwa kesho yake. Sheria ya Uchawi, iliyokuwepo tangu enzi za Mwingereza, inakataza kumtuhumu mtu uchawi na kujifanya mfichuaji. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wa ramli baada ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Marufuku hiyo haikuzuia msiba uliofuata hapa kwetu. Machi mwaka huohuo, katika kijiji cha Kipeta, wilaya ya Sumbawanga, mtoto wa miaka sita mwenye ualbino alikatwa kiganja usiku. Miaka miwili kabla, Februari 2013, mkoa huu ulikuwa umeshashuhudia mwanamke mmoja na mtoto mmoja wenye ualbino wakikatwa mikono katika matukio mawili tofauti ya mwezi mmoja. Vijiji hivyo vilikuwa na wenyeviti, watendaji na kamati za ulinzi na usalama zilizoandikwa kwenye makaratasi. Swali ambalo halmashauri zetu hazijalijibu ni hili: kamati hizo zilikutana mara ngapi kabla ya matukio hayo, na zilizungumza nini?

Kwa hiyo hatusemi tu kwamba wananchi washirikishwe. Wananchi wakiitwa bila mpaka na bila msimamizi, hupatikana lambalamba, au hupatikana maiti barabarani na tairi linalowaka. Mwizi wa kuku au wa simu akipigwa hadi kufa, waliompiga wametenda kosa kubwa kuliko lake mara mia, na kosa hilo ni mauaji hata kama umati ulikuwa wa watu mia mbili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Inaishia hapo. Haina kifungu cha fimbo. Mwenyekiti wa mtaa anayegeuza uso umati ukianza kukusanya mawe ameshafanya uamuzi, na wapigakura wake wanapaswa kumkumbuka kwa huo.

Sungusungu wanatufundisha zaidi. Kundi hilo lilianza upande wa Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima na wafugaji walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na unyang'anyi wa silaha uliofuatia vita ya Uganda. Chama na Serikali viliunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili kulipa uhalali. Likasambaa nchi nzima, mahali pengine kwa amri ya mkuu wa wilaya. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watafiti Brian Paciotti na Monique Borgerhoff Mulder walilifuatilia huko Mpimbwe, wakati huo ikiwa bado ndani ya mkoa wa Rukwa, sasa Katavi. Walikuta sungusungu la Wasukuma waliohamia huko likifanya kazi kwa nguvu, na lile la Wapimbwe, wenyeji wa hapo, likisuasua. Jina lilikuwa moja na sheria ilikuwa moja. Tofauti waliyoieleza ni kwamba Wasukuma walikuja na mazoea ya siku nyingi ya vyama vyao vya kusaidiana, ambamo mtu asiyetokea hutozwa, na kiongozi anayependelea ndugu yake hung'olewa. Wenzao waliletewa kundi bila mazoea hayo. Ongeza kwamba hata pale lilipofanya kazi, sungusungu lilipiga watu, liliwatenga watu na familia zao, na liliwatuhumu watu uchawi kwa ramli, kama tulivyokwisha kusema kuhusu lambalamba.

Tunachojifunza ni kwamba doria ya wananchi haianzishwi kwa tangazo la kipaza sauti. Inahitaji watu waliochaguliwa na mkutano wa mtaa kwa majina, daftari la zamu, mafunzo kutoka polisi, na mahali pa kuwashitaki wakikosea. Inahitaji pia fedha inayoonekana. Hakuna kinachoua ulinzi shirikishi haraka kama mchango usio na stakabadhi. Mwezi wa kwanza kila kaya hutoa, mwezi wa pili huulizana fedha imekwenda wapi, mwezi wa tatu kijana wa zamu analala, na mwezi wa nne anayejua ratiba ya doria kuliko wote ni mwizi. Vijijini mkutano mkuu unatakiwa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Mchango wa ulinzi usomwe hapo, shilingi kwa shilingi, na mitaa ya mjini ifuate nyayo hizo. Halmashauri ikatae kabisa mchango wowote wa ulinzi usiopitia kitabu chake cha risiti, na yenyewe itenge fungu. Haiwezekani ulinzi, ambao Katiba imeuweka mikononi mwake, ugharamiwe na mama muuza mchicha pekee.

Sasa tuingie klabuni, maana huko ndiko uso wa pili wa halmashauri unakoonekana. Leseni za vileo hutolewa chini ya sheria ya mwaka 1968, na halmashauri ndiyo inayosimamia. Saa za kufungua na kufunga zimeandikwa. Gongo isiyo na kibali ni kosa kwa sheria ya mwaka 1966. Mfukuze mtu yeyote anayesema hajui hayo. Lakini klabu ileile inayolalamikiwa na akina mama wa mtaa kwa ugomvi, matusi na wasichana wadogo wanaouza hadi usiku ndiyo inayolipa ushuru, na mtendaji anayepaswa kuifunga saa ikifika ndiye anayedaiwa lengo la makusanyo mwisho wa mwezi. Mwache achague, atachagua makusanyo. Hilo si kosa la mtendaji peke yake. Ni kosa la waliompa kazi mbili zinazopingana, kisha wakamhoji kuhusu moja tu.

Hatudai vilabu vifungwe. Kimpumu, pombe yetu ya kienyeji, kimesomesha watoto wengi wa Ufipa. Mama anayekipika analipa gharama za shule kwa jasho na moshi wa kuni. Tunadai saa ziheshimiwe, mtoto asiingie wala asiuze, choo kiwepo, na klabu yenye rekodi ya watu kuchomana visu ipoteze leseni hata kama ndiyo inayolipa vizuri kuliko zote. Na uamuzi wa kuhuisha leseni upitie kwanza kwa kamati ya mtaa husika. Wanaoishi ukuta kwa ukuta na klabu wanajua mambo ambayo afisa biashara hawezi kuyajua akiwa ofisini.

Taa na vichaka havihitaji maneno mengi. Kichochoro chenye giza kati ya soko na makazi, uwanja wa wazi ulioota majani hadi kiunoni na jengo lisiloisha lenye vyumba visivyo na milango si kazi ya polisi. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ina barabara na taa zake. Halmashauri ina sheria ndogo za kumlazimisha mwenye kiwanja afyeke. Zitumike.

Vijana ndio mgogoro mrefu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri ni ya mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kukopeshwa vikundi hewa na kutorejeshwa, kisha ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tunajua kwa nini kijana wa kijiweni haamini fedha hiyo: amewaona walioipata. Basi orodha ya vikundi vilivyokopeshwa katika kila kata ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, kwa majina, kiasi na marejesho. Na bodaboda, ambao kila tukio likitokea hutajwa kama watuhumiwa, wawe na vituo vilivyosajiliwa, vizibao vyenye namba na viongozi wanaojulikana. Dereva wa bodaboda anapita mitaa mingi kwa usiku mmoja kuliko gari lolote la doria. Ni aibu kwamba tunamkamata kila wiki na hatumuulizi kitu.

Dar es Salaam wametuonyesha njia ya mkato inaishia wapi. Januari 2015 vijana wa kundi la kihalifu la Panya Road waliutia mji hofu. Polisi waliingia mitaani, wakakamata mamia. Mwaka 2022 Panya Road walirudi, wakiwa na mapanga na umri mdogo zaidi, na operesheni zikaanza tena. Operesheni ina mahali pake, lakini mtaa ukibaki ulivyokuwa, wanaobadilika ni vijana tu.

Polisi nao hawaponi. Polisi Jamii ilianzishwa mwaka 2006 wakati wa Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, na baadaye jeshi likaanza kupeleka wakaguzi katika kata. Ni hatua nzuri kwenye karatasi. Mkaguzi wa kata asiye na ofisi, usafiri wala fedha ya mafuta ni namba ya simu tu. Na raia aliyetoa taarifa kisha akasikia jina lake kijiweni kesho yake hatatoa tena, wala jirani yake. Tunalitaka jeshi lichunguze uvujaji wa taarifa za raia kwa ukali uleule linaochunguza wizi, kwa sababu taarifa iliyovuja mara moja huwanyamazisha watu mtaa mzima.

Kuna uhalifu mwingine ambao filimbi haiufikii, nao ni ule wa ndani ya nyumba: mke anayepigwa, binti anayebakwa na jamaa, mtoto anayechomwa moto kwa kosa la kuiba sukari. Mara nyingi huu huzungumzwa na kumalizwa na wazee kwa faini ya mbuzi. Kamati za MTAKUWWA, zilizoanzishwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto wa mwaka 2017/18, zinapaswa kuwepo hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na afisa ustawi wa jamii ni mwajiriwa wa halmashauri. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi. Namba 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto hailipiwi. Mwenyekiti anayesuluhisha kesi ya ubakaji badala ya kuipeleka polisi ashitakiwe pamoja na mbakaji.

Tunamaliza kwa madai, na tunawataja wanaodaiwa. Mkurugenzi wa Manispaa na wenzake wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo: wekeni kasma ya ulinzi wa mitaa na vijiji katika bajeti inayoanza Julai Mosi, na waambieni wananchi ni kiasi gani. Madiwani: usalama wa mitaa uwe ajenda ya kudumu ya kila kikao cha kata, mkaguzi wa polisi akiwepo, na taarifa ifike baraza kila robo mwaka. Wenyeviti wa mitaa na vijiji mliochaguliwa Novemba 27, 2024: mna hadi 2029, na hatutasubiri hadi hapo kuwauliza. Itisheni mikutano.

Na wewe msomaji, kuanzia Mazwi hadi Chanji, Katandala hadi Izia, Matai, Laela hadi Namanyere: mkutano ukiitishwa, nenda. Uliza majina ya walinzi wa zamu, uliza mchango wako ulikwenda wapi, uliza klabu ya jirani inafungwa saa ngapi kwa mujibu wa leseni yake. Usipojibiwa, andika barua kwa mkurugenzi na ubaki na nakala.